Ubeti wa Gaudencia

Kitendawili! Nakidunga sindano, badala ya kulia kinaimba. Umeshindwa? Ni santuri.

Ojwang alileta santuri yake mpya sokoni Busia, imejaa magitaa ya twisti ya zamani, na hata wauza dagaa wa omena wakacheza. Mkewe Gaudencia hakucheza. Alisikiliza pande zote mbili, maana mwimbaji wa kwetu huwataja waliomshika mkono, na yeye ndiye aliyemlisha miaka yote ya kutunga. Wakatajwa wenye maduka, wakatajwa madereva wa Malaba.

“Baba Adoyo, mimi nimetajwa wapi?”

Ojwang akapangusa santuri. “Sikia gitaa hilo, mama!”

“Nimekuuliza.”

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo akajibu: “Wenye studio walisema nikate ubeti mmoja. Nikakata wako, kwa sababu najua wewe huwezi kuniacha.”