Nondo ya Mjomba

Mara ya tatu wiki hii! Mkaguzi alichomoa geji ya upepo kwenye tairi la ndani la lori, nyuma kushoto, akaitazama huku akitamani kulia. Tairi halikuwa na hata nusu ya upepo wake. Na fomu aliyojaza dereva asubuhi hiyohiyo ilisema: matairi yote mazima.

Dereva mwenyewe alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, ndiye aliyemwombea kazi hapa yadi. Miaka thelathini na moja amepima matairi kwa nondo. Unagonga, unasikiliza: lililojaa hulia ngo, lililolegea hulia bwe. Geji, alisema, ni ya watu wa chuo.

"Mjomba, tairi hili umeligonga kweli?"

"Nimegonga yote kumi na nane. Mazima."

"Mazima wapi, jamani! Tani ishirini na nane za saruji, na mteremko wote ule! Likipasuka la ndani, la nje litabeba peke yake mpaka wapi? Unataka nikamwambie mama nini?"

Mzee alitabasamu tu, na tabasamu hilo ndilo lililompandisha mori mpwa wake. Mtu kala chumvi yote hiyo, bado anafanyia mchezo roho za watu! Akampokonya nondo. Akagonga la nje: ngo. Akagonga la ndani: bwe. Mbingu na ardhi.

"Umesikia tofauti?"

"Nimesikia. Yako sawa."

Mkaguzi akamrudishia nondo. Hasira ilimtoka, hofu ikamwingia. Mzee alipoinama kufuta taa, mkaguzi alisimama nyuma yake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mjomba, gari linawaka moto."

Mzee aliendelea kufuta taa.

Akamzunguka, akamshika bega. "Tangu lini?"

Mzee aliitazama midomo yake, kisha akatazama chini. "Tangu mwaka jana."

Ilibaki miezi minne mzee astaafu. Mkaguzi alijua fika kwamba akiandika ukweli, mjomba wake hatashika usukani tena. Aliandika: gari lisitoke. Chini yake akaandika: dereva apimwe masikio. Akamgeuzia fomu asome.

Mzee alisoma polepole, akatoa funguo mfukoni, akampa.

"Basi jioni uje nyumbani umweleze mkazamjomba wako," alisema. "Mwaka mzima anadhani nimemnunia."