Pete ya Sululu

Tangu walipotoka Chumbageni baada ya sala ya alfajiri, Miraji alikuwa akichekacheka peke yake, na Uweso hakumwuliza kwa nini. Laiti angemwuliza palepale njiani! Lakini mtani akicheka, nani hushughulika naye? Uweso ni Msegeju, Miraji ni Mdigo, na tangu walipokuwa chuoni wakisoma juzuu, walitukanana asubuhi na jioni kama ada inavyotaka.

"Umeamka, maiti wewe?" Miraji huanza.

"Nimeamka, mla panya. Nimekuja nikuzike."

Siku alipozikwa mama yake Uweso, Miraji alijitupa kaburini, akajinyoosha, akakataa katakata kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na Uweso alicheka kuliko wote. Ndivyo ilivyo. Mtani hakasirikiwi, na akichukua chako umemwachia.

Basi ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Oktoba, mwaka wa hamsini na tano. Uweso alikuwa karani wa forodhani, na kila Jumapili alishika darubini aliyorudi nayo kutoka vitani Burma, akashuka ufukwe wa Raskazone kuangalia ndege. Si kuwinda, kuangalia tu! Mtaa mzima ulisema ameharibika akili huko Burma. Miraji peke yake ndiye aliyekubali kufuatana naye, amtukane huku akimbebea chai.

Na katika ndege wote wale, kitwitwi na membe na yangeyange, aliyemkaa Uweso moyoni alikuwa mmoja tu. Alikuwa sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, na mguuni alikuwa na pete ya bati. Bwana mmoja wa misitu alimweleza Uweso kuwa kuna watu Ulaya huwavisha ndege pete zenye namba. Ukiwaandikia namba, watakujibu ndege huyo ni wa wapi na ana umri gani. Pete ilikuwa na tarakimu sita. Kwa miaka mitatu, kila mara sululu yule aliporudi kutoka ng'ambo, Uweso alitambaa matopeni na darubini yake, na alikuwa amekwisha soma nne. Zilibaki mbili.

Kila mwaka Miraji alimwambia, "Nipe ruhusa nimtege, zuzu wewe, umalize kazi."

Na kila mwaka Uweso alijibu, "Nitamsoma akiwa hai."

Barua alikuwa ameshaiandika. Ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne, na nafasi ya tarakimu mbili ameiacha wazi. Mwisho wake aliandika: *Nimemwona kwa macho yangu. Yu hai, na ni mzima.* Sentensi hiyo aliipenda kuliko barua yote.

Maji yalikuwa yamekupwa. Uweso alivua kanzu, akabaki na shuka na fulana, akalala kifudifudi kwenye tope la mikoko. Akangoja. Jua likapanda. Inzi wakamla shingo. Sululu walikuja, wanane, kisha kumi na wawili, na kila mguu aliukagua. Hapana pete.

"Amechelewa," alisema.

"Labda kaolewa Pemba," Miraji alimjibu kutoka kivulini, akajishika mbavu kwa kicheko.

Saa tatu Uweso alitoka topeni, magoti yanamuuma. Labda amekufa njiani, alifikiri. Bahari yote ile! Miraji akamfungulia kikapu. Mke wa Miraji, Mwatumu, alikuwa amekaanga vitumbua.

"Kula hicho kikubwa. Nimekichagua mwenyewe."

Uweso akauma. Jino likagonga chuma. Akatema mkononi, na kwenye kiganja, katikati ya unga wa mchele, ikalala pete ya bati.

Miraji alianguka mchangani kwa kicheko. "Umemwona bibi yako? Amekuja tangu Jumatano! Tanzi moja tu, mara moja! Nimemchinja kwa bismillahi, Mwatumu kamtia nazi. Na wewe unalala matopeni kama kiboko! Si namba ulikuwa unataka? Nimekupatia zote sita, nishukuru basi!"

Hasira ilimpanda Uweso mpaka masikio yakamvuma. Alitaka kumpiga. Alitaka kuishika darubini ile nzito aivunje kwenye meno yale yanayocheka. Asubuhi nzima Miraji alimwacha atambae akimtafuta ndege aliyekwisha kuliwa! Lakini ampige kwa sheria ipi? Akimshitaki kwa wazee, wazee nao watacheka: mtani wako, bwana, na wewe kamlie kuku wake. Na lililomchoma zaidi ni kwamba Miraji alikuwa anangoja sifa.

Uweso aliifuta pete kwa pindo la shuka. Saba na sifuri. Kumbe ni hizo tu. Akaitoa barua, akaikunjua juu ya goti, akajaza nafasi kwa kalamu ya risasi. Kisha akaifuta kwa mstari mmoja ile sentensi ya mwisho.

"Samahani, Bwana Miraji," alisema kwa sauti ya taratibu. "Alikufa Jumatano ya tarehe ngapi?"

Kicheko kikakatika. "Bwana? Bwana nani, maiti wewe?"

"Nauliza tarehe, tafadhali."

"Kumi na mbili," Miraji alisema, akainuka kitako. "Uweso. Ni utani."

"Ahsante sana. Unisalimie Bi Mwatumu, umwambie vitumbua vyake ni vizuri."

Akavaa kanzu juu ya tope lake, akashika njia ya kurudi mjini. Miraji aliacha kikapu, akamkimbilia nyuma na mchanga umemjaa nguoni.

"Nitukane! Mla panya ndiye mimi, niite! Uweso, nitukane hata moja, ndugu yangu!"

Njia ilikuwa nyembamba hapo. Uweso alijibanza pembeni kwenye majani, akainamisha kichwa kama mtu anavyompisha mgeni asiyemjua.

"Tafadhali, Bwana Miraji," alisema. "Tangulia."