Mtazamaji wa Arobaini na Tatu

Kilichomnasa Wangechi kwa kijana yule hakikuwa uso wake, kilikuwa pazia lake. Alikuwa ameuza mapazia pale Kondele kwa miaka ishirini na mmoja, na pazia lililotundikwa vibaya lilimwasha mwili mzima. Asubuhi moja ya Novemba alikuwa akitafuta kwenye simu mitindo mipya ya kuwaringia wauzaji wenzake, video moja ikaisha, na nyingine ikajianzisha yenyewe bila kuombwa. Ndani yake alikuwamo kijana wa Seoul mwenye miwani, nywele zimemfunika paji la uso, ameinamia kitabu. Nyuma yake palikuwa na pazia la mistari ya kijivu, na kulabu ya tatu kutoka kushoto haikuwepo. Kitambaa kilikuwa kimelegea pale kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Huyu hana mama?" Wangechi aliuliza kwa sauti, na dukani hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Akangoja kijana aseme jambo. Hakusema. Alifunua ukurasa, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mteja akaja, akapapasa kila kitambaa, akaondoka bila kununua, na kijana bado alikuwa pale. Chini ya picha palikuwa na maelezo ambayo simu iliyatafsiri yenyewe: alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuajiriwa serikalini, alijirusha mubashara kila siku ili asishikwe na uvivu, na mtu yeyote mpweke alikaribishwa kukaa naye. Wangechi alisoma neno mpweke, akakasirika. Yeye hakuwa mpweke. Alikuwa na duka, alikuwa na kanisa, alikuwa na chama cha akina mama. Basi akabaki kidogo tu, aone kama pazia litatengenezwa.

Halikutengenezwa. Miezi mitano ikapita, naye bado anangoja.

Saa za watu wale zilikuwa kama zimetungwa kwa ajili ya muuza mapazia wa Kisumu. Akifungua duka saa mbili asubuhi, kijana ameshakula chakula cha mchana, yuko mezani. Jua la Kondele likiwa utosini, kwa kijana giza linaingia, anawasha taa. Ikifika saa kumi jioni, anafunga vitabu, anainamisha kichwa kidogo kuaga, anazima. Hapo Wangechi naye alifunga duka, ingawa wenzake waliuza hadi taa za barabarani zilipowaka. Walimwona mvivu. Kumbe alikuwa mtu wa saa kumi, basi.

Kwenye pembe ya kioo palikuwa na tarakimu ya watu wanaotazama. Kwa kawaida ilikuwa arobaini na tatu. Siku moja alitoka kwenda msalani akiwa na simu mkononi, mtandao ukakatika, na uliporudi akawahi kuona arobaini na mbili kabla haijapanda tena. Huyo mmoja alikuwa yeye! Tangu siku hiyo alikunywa maji kidogo. Hakutaka kijana ainue macho akute mtu amepungua.

Celestine, muuza sare za shule wa kibanda cha pili, alikuwa wa kwanza kugundua mambo. Alikuwa mjane kama Wangechi, akitoka Ahero kila asubuhi, na binti yake muuguzi alikuwa Doha.

"Mama Ndung'u," alisema, "hiyo chai vikombe viwili ni ya nani?"

"Yangu."

"Na ile ingine?"

"Yangu pia. Kwani nimekuomba sukari?"

Chai ile aliimimina kikombe kimoja mbele yake na kimoja mbele ya simu, na ilipopoa alikunywa vyote viwili. Katikati alimweleza kijana habari za mwanawe. Ndung'u alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyeachiwa na marehemu mumewe Muriuki akiwa darasa la nne. Alikuwa na akili ya kutisha. Kila alipokuwa na mtihani, Wangechi alifunga siku tatu na kupeleka kalamu zake kanisani zikapakwe mafuta, na kila mara Ndung'u alipita. Alipita akaenda shule ya bweni Nyeri. Alipita akaenda chuo kikuu Eldoret. Alipita akaajiriwa Nairobi na kampuni ya bima, akapanda ghorofa hadi ghorofa, na sasa alikuwa juu kiasi kwamba simu zake zilifika Jumapili tu, za dakika tatu, na tangu Januari hata hizo zilikuwa zimekauka. Kijana wa Seoul alisikiliza yote haya bila kumkatiza hata mara moja. Wangechi hakuwahi kupata msikilizaji kama huyo.

Mapema Machi karatasi ikabandikwa ukutani, kando ya pazia: 30. Kesho yake ikawa 29. Wangechi alielewa mara moja, kwa maana hakuna mama wa mtahiniwa asiyeijua hesabu ya namna hiyo. Usingizi ukampungua. Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, mwenyekiti wao Nabututu alipouliza nani ana mzigo, Wangechi alijikuta amesimama.

"Naomba tumkumbuke kijana wangu. Ako na mtihani mwezi ujao."

Alikusudia kueleza. Haki ya Mungu alikusudia. Lakini wanawake kumi na wawili waligeuka wakamtazama kwa huruma ambayo alikuwa ameisahau, na mmoja akamshika mkono, na mkono huo ulikuwa na joto. Mtu anayeitwa Mama Ndung'u na kanisa zima akiombea kijana wake, kijana huyo ni nani tena? Nabututu alikuwa ameshaandika kwenye daftari: Ndung'u, mtihani.

"Na vile hujatuambia," Nabututu alimsuta. "Umebeba hii kitu peke yako, Mama Ndung'u. Hiyo si vizuri."

Wangechi akameza maelezo yake, akakaa chini.

Kuanzia hapo duka lilijaa watu. Asubuhi alipita huyu, jioni yule, "tulikuwa tunapita tu". Celestine alileta kadi ya kumtakia mtahiniwa heri, mojawapo ya zile alizouza nje ya shule kila Oktoba, yenye picha ya mwenge na maneno ya dhahabu, na wote wakaitia sahihi. Kisha Nabututu akaagiza kalamu. Wakaipaka mafuta, wakaiinua, wakaiwekea mikono.

"Naenda Nairobi Jumatatu kuona dada yangu," Nabututu alisema. "Nitampelekea mimi mwenyewe, kwa mkono."

Wangechi angesema nini? Kwamba kalamu inapaswa kuvuka bahari mbili kwa mtu asiyelijua jina la Wangechi, wala Wangechi halijui lake? Akaandika namba ya Ndung'u, akangoja simu ya hasira: Mum, hii ni nini? Simu haikuja. Nabututu alirudi akasema Ndung'u alipokea bahasha ya kadi na kalamu kazini pale mapokezi, akaitazama sana, akasema asante, akapanda lifti. Wangechi akaumia zaidi. Yaani hata kuuliza hakutaka.

Ijumaa ya mwisho, karatasi ukutani ikisoma 1, akina mama waliteremsha mlango wa duka nusu wakaomba. Waliomba wote kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, upepo wa ziwa ukipenya chini ya mlango na kuyatikisa mapazia. Wangechi akafumbua macho. Simu ilikuwa imeegemea jora la kitambaa, na kijana alikuwa pale, shingo imeinama, anasoma ukurasa uleule kwa mara ya tatu.

Na hapo akili ikamfikia, ikiwa imechelewa. Huyu akipita, kesho kutwa ana ofisi. Ana meza nyingine ambayo hakuna anayeiona. Mtu aliyeajiriwa anajirusha mubashara kwa nini? Wangechi akahesabu mitihani yote aliyowahi kuifungia, akaona kwamba kila aliyemwombea apite alipita akaenda zake, na hakuna hata mmoja aliyepita akarudi. Alikuwa ameomba vizuri mno maisha yake yote.

Basi, katikati ya kelele ile, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, ili asikie Mungu peke yake: "Baba, asipite. Aanguke safari hii tu. Abaki mahali nitamwona."

Akaanza kulia. Nabututu akamkumbatia. "Amina," alisema, "Bwana amesikia."

Jumamosi hapakuwa na matangazo, wala wiki iliyofuata. Wangechi alitazama siku za zamani, ambazo zilikuwa sawasawa na siku mpya, ila kwamba kwenye pembe hapakuwa na hesabu ya watu. Wiki zikasonga. Mvua ilikuwa imeshika, Ahero kulifurika, Celestine akahamia kwake kwa siku tisa, akalala chumba cha Ndung'u, naye Wangechi aliudhika kwamba anakoroma.

Mwishoni mwa Mei, saa nne asubuhi, simu ikalia. Kijana alikuwa hewani. Alikuwa amevaa shati la kola, amechana nywele, na kwa mara ya kwanza akafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ambayo Wangechi alikuwa amempa. Tafsiri ya simu ilikimbia chini ya picha: nimepita. Naanza kazi mwezi ujao. Watu arobaini na watatu, siwajui, ila mlinifanya niogope kuinuka kitini. Asanteni. Kisha akasimama, akashika lile pazia lililolegea, akalifungua. Hapakuwa na mji nyuma yake. Palikuwa na ukuta wa jengo jingine, karibu hata mtu angeugusa. Akainama sana, akazima. Kesho yake ukurasa wenyewe ulikuwa umefungwa.

Wangechi hakufurahi. Tuseme ukweli: alisikia wivu, na chini ya wivu aibu, kwa sababu alimwombea mtu mabaya na mtu huyo akamshukuru.

"Amepita," alimwambia Celestine.

"Nilijua!" Celestine alisema, na kabla saa sita haijafika Kondele yote ya wacha Mungu ilikuwa na habari.

Jumamosi akina mama wakaja nyumbani kwake na soda, mkate na sufuria la pilau, wakaimba shukrani. Wangechi aliimba nao akitazama sakafu. Walikuwa kwenye ubeti wa tatu mlango uliposukumwa. Ndung'u akaingia. Amekonda, ana mifuko miwili mikubwa, ile ambayo mtu habebi akija kutembea.

"Ero, mwenye mtihani ndio huyu!" Celestine alisema. Wanawake wakampigia makofi.

Ndung'u akasimama pale pale. "Nani amewaambia nimepita?"

Wimbo ukakatika, sauti moja baada ya nyingine. Akaweka mifuko chini akaeleza, bila kumtazama mtu. Januari kampuni ilitangaza kwamba kila mfanyakazi aombe upya kazi yake mwenyewe. Waliketishwa chini kama watoto, wakapewa karatasi za mtihani, Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Majibu yametoka wiki hii. Hakumwambia mtu yeyote. Aliona haya kupiga simu, maana asingejua kudanganya.

"Halafu mkaniletea hii." Akatoa kalamu mfukoni, akaiweka mezani kando ya pilau. "Nimeandika nayo. Nimeanguka, Mum."

Nabututu, ambaye hajawahi kushindwa na hali, akakohoa. "Basi wamama," alisema, "tumwambie pole." Na wakahama kutoka shukrani hadi pole bila kutua vikombe chini, wakampakulia Ndung'u sahani iliyojaa.

"Lakini Mum, ulijuaje?" aliuliza. "Hakuna mtu nimeambia."

"Mama hujua," Celestine alijibu kwa niaba yake.

Wangechi alikuwa akilitazama daftari la Nabututu juu ya meza, ambamo kando ya neno mtihani paliandikwa jina moja tu, Ndung'u, na alikumbuka kwa kila herufi kile alichoomba kwa Kikuyu siku ile mlango ukiwa nusu.

Jumatatu Ndung'u alikwenda naye dukani, kwa kuwa hakuwa na kwingine kwa kwenda. Alikaa nyuma ya kaunta, shingo imeinama, akitia kulabu kwenye mapazia ya mteja wa Katito. Hakusema lolote asubuhi yote. Wangechi akamimina chai vikombe viwili, akamsogezea kimoja. Kilichukuliwa. Moyo ulimruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtia hofu.

"Uliniombea kweli?" Ndung'u aliuliza bila kuinua macho.

"Niliomba."

"Sasa ilikuwaje?"

Wangechi akaweka kikombe chini. "Niliomba uanguke. Nilitaka ukae mahali nitakuona."

Ndung'u akamtazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, mabega yakimtikisika, hadi akavua miwani kujifuta. "Wewe Mum," alisema. "Wewe." Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aje, na Wangechi alipofungua mdomo kumwapia kwamba hatanii, alishindwa kukikata.

Ndung'u akarudia kazi. Alikuwa ameruka kulabu ya tatu kutoka kushoto. Mama yake aliliona pengo, akamwongezea chai, na saa kumi ilipofika hakufunga duka.