Kalamu Iliyogonga Meza

Wanafunzi walimwita Kamusi, naye, maskini, akadhani wanamsifu. Alifundisha Kiingereza kidato cha pili, na silaha yake ilikuwa kalamu ya chuma. Mwanafunzi akikosea neno, ko! Kalamu imegonga meza. Akikosea tena, ko! Samaki mkunje angali mbichi, alijitetea. Basi akawakunja hadi hakuna aliyethubutu kufungua kinywa, na kimya hicho yeye akakiita nidhamu.

Kimya cha watoto wa wenzake angekivumilia. Lakini darasani humo alikuwemo binti yake mwenyewe, kitindamimba wake. Muhula uliopita, kwenye mtihani wa kuzungumza, binti alisimama mbele ya mtahini, akamtupia jicho baba yake aliyeketi pembeni, akatoka bila kutamka neno. Sasa mtihani ulikuwa unarudiwa Ijumaa, na safari hii asiyesema anarudia mwaka. Kamusi alilaumu simu, akalaumu redio, akalaumu hata ukoo wa mkewe, ambao kwa maelezo yake haukuwahi kutoa msemaji.

Jumatano alirudi nyumbani mapema, akasikia Kiingereza uani. Binti yake alikuwa anaanika nguo huku akimsimulia mtoto wa jirani habari za soksi iliyomtoroka mwenzake. Kiingereza kilikuwa kinachechemea, lakini kinakwenda, tena kwa madaha. Furaha ilimjaa baba mpaka kooni. Kisha binti akakosea neno, na mkono wa baba, mkono ule usio na adabu, ukagonga mlango: ko!

Binti akanyamaza papo hapo. Mtoto wa jirani akaangua kilio. Mkewe akatoka jikoni, akamtazama kuanzia utosini mpaka viatuni.

"Baba watoto," alisema taratibu, "huyu hata chekechea hajaanza, na wewe umeshamtisha."

Siku hiyo Kamusi alijikagua. Husemwa nyani haoni kundule. Yeye aliliona, tena lote, na halikupendeza. Hongera mwalimu, alijiambia, umefundisha watu ububu, na wa kwako ndiye amefaulu kuliko wote.

Kesho yake aliingia darasani, akampa kalamu msichana wa dawati la mbele. Akawaambia atasimulia kwa Kiingereza jinsi alivyounguza suruali yake ya harusi kwa pasi, na wao wagonge kila akikosea. Mwanzoni walisita. Kisha, ko! Hapo alikosea kweli. Ko! Hapo hakukosea, ila walishaonja utamu. Madawati yote yakaitikia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Kijasho chembamba kikamtoka, Kiingereza cha miaka yote kikamkimbia, akabaki mdomo wazi huku ameshika pasi isiyokuwepo.

Darasa likacheka mpaka basi. Binti yake tu ndiye hakucheka.

"Endelea, baba," alisema kwa Kiingereza, mbele ya watu wote. "Suruali ikawaje?"

Akaendelea, vibaya, lakini akafika mwisho. Baada yake wakasimama wengine, na kalamu hakuna aliyeigusa tena.

Ijumaa mtahini aliketi, Kamusi ubavuni pake kama utaratibu unavyotaka. Binti akaingia, akaanza habari za soksi. Hakufika mbali, akateleza. Mkono wa Kamusi ukawashwa. Akauwahi, akaukalia. Akaukalia na wa pili, maana nao hakuuamini. Binti akatazama mezani, akaitafuta kalamu, akakuta meza tupu. Akavuta pumzi, akaendelea, akateleza tena, akaendelea, mpaka mtahini akacheka pale pa kucheka.

Alipomaliza, mtahini alimgeukia Kamusi, akamnyooshea mkono wa pongezi. Kamusi akajaribu kutoa wake. Wapi! Yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Akafungua kinywa ajieleze kwa Kiingereza, nacho kikagoma, maana machozi yalishatangulia.

"Msamehe baba yangu," binti akamwambia mtahini, kwa Kiingereza chake kilekile kinachochechemea. "Bado anajifunza."