Siku Orrin Alipoomba

Orrin Tollefsrud alipogombea ubunge wa jimbo mara ya kwanza, alikuja kwetu kuomba kura akaishia kutengeneza pampu. Haki ya Mungu nawaambia. Alifika saa nne asubuhi na mabuti yake ya zizini, akamkuta mume wangu Delmer anahangaika kisimani, akavua koti. Walimaliza saa saba. Nikawapa viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, wakala, Orrin akashukuru, akapanda pikapu yake akaenda zake. Kura hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

"Huyu ndiye wa kututetea bungeni Bismarck?" nikamuuliza Delmer. "Si atakaa kule anakagua mabomba?"

"Wewe mpigie tu, Arlys. Ana aibu, lakini si mwongo."

Wilaya yetu nzima ikampigia, na hatukujuta. Bunge la Dakota Kaskazini hukaa majira ya baridi, mwaka mmoja linakaa, mwaka mmoja halikai, basi mkulima anaweza kutunga sheria akawahi kupanda ngano. Lakini ng'ombe hawajui ratiba ya bunge. Orrin alikuwa na ng'ombe tisini, na wote walizaa Machi. Kila Ijumaa aliendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye barafu kuja kuwazalisha, na Jumatatu alikuwa kwenye kiti chake bungeni, macho mekundu, amesoma kila karatasi. Barua zetu alizijibu kwa mkono wake. Hata mimi niliyemwandikia kumgombeza kuhusu barabara alinijibu kurasa mbili.

Tatizo lake lilikuwa letu sote. Huku kwetu ukikaribishwa kahawa unakataa. Ukikaribishwa tena unakataa, unasema hutaki kumsumbua mtu. Ya tatu ndiyo unakubali, tena nusu kikombe. Ukipokea mara ya kwanza watu watakusema mpaka Pasaka.

Septemba ya mwaka wake wa pili, Delmer alianguka kando ya mashine ya kuvunia. Moyo. Nikapiga simu, na gari la wagonjwa likatumwa kutoka wilaya ya jirani kwa sababu sisi hatukuwa nalo. Lilichukua dakika hamsini na tatu. Nilikaa kwenye mabua nimempakata kichwa, na lilipokunja kona ya kwetu alikuwa ameshanitoka. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Orrin ndiye aliyeleta majirani na mashine kumi na moja, wakanivunia ngano yote kwa siku moja. Alifanya kazi kuliko wote, ila machoni hakunitazama. Nikadhani ni uchungu tu.

Februari akanipigia simu kutoka bungeni.

"Arlys, Jumanne kamati inasikiliza habari ya magari ya wagonjwa. Ningependa uwepo."

"Nije kusema nini?"

"Usiseme kitu. Uje usikie."

Nikaenda, nikakaa nyuma na mkoba mapajani. Mwenyekiti alikuwa Brandt, mwanasheria wa mjini Fargo. Orrin akasimama na karatasi mkononi, kisha akaikunja akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, miaka miwili iliyopita uliniuliza kama wilaya yangu inataka gari la wagonjwa. Nikakwambia tutajikaza, wape wenye shida zaidi."

"Nakumbuka. Nikawapa wengine."

"Nilingoja uniulize tena."

Brandt akavua miwani. "Nikuulize tena ya nini? Si ulishakataa?"

Watu wawili watatu wakacheka. Orrin hakucheka.

"Kwetu mtu hukataa kwanza. Ni adabu. Nilipoona huulizi, nikaona haya kukurudia." Akageuka kutazama viti vya nyuma. "Septemba iliyopita rafiki yangu Delmer Hovland alifia shambani akingoja gari la watu wengine. Mke wake amekaa pale nyuma. Alikuwa hajui haya, anayasikia sasa hivi. Leo sijikazi tena, mheshimiwa. Tunalihitaji. Naomba. Mkininyima nitaomba kesho, na keshokutwa, mpaka mnichoke."

Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kumtupia ule mkoba. Mjinga wewe, nikasema moyoni, roho ya mume wangu unaifanyia adabu ya kikombe cha kahawa? Kisha nikakumbuka, na sikutaka kukumbuka, kwamba asubuhi ile Delmer alishika kifua nikamwambia tumwite daktari, akasema tusimsumbue mtu. Nami nikamwacha.

Kamati ikapitisha. Orrin akanifuata ukumbini, kofia mkononi.

"Arlys, sikuombi unisamehe."

"Afadhali," nikamwambia, "maana leo sina msamaha."

Akaitikia kwa kichwa, akanifungulia mlango. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Gari likaja Juni. Julai likamchukua binti wa jirani zetu kina Aune, mtoto amekwama tumboni, likamfikisha hospitali kwa dakika kumi na tisa. Nilikwenda kuwaona. Mama mzima, mtoto mzima, analia kwa hasira kama amedhulumiwa. Nilimshika muda mrefu.

Mwaka uliofuata, Novemba, Orrin akagombea tena. Hakuja kwangu. Kijiji kizima kilishasikia ya kamatini, kilikuwa kinaniangalia nitafanya nini, wanajifanya wanazungumzia theluji. Nikaingia kupiga kura, nikasimama na kalamu mbele ya jina lake mpaka karani akauliza kama niko salama. Nikawaza kwamba angenyamaza, nisingejua kamwe. Aliyasema mbele yangu kwa sababu bila kuyasema lile gari lisingekuja.

Nikatia alama kwenye jina lake. Kisha nikatoka nje, nikaegemea gari langu, nikamlilia Delmer hadharani, na jirani zangu wote wananiona.