Ulimi wa Germana

Respicius hakuwa akisikia ladha ya kitu chochote. Korona ilimpata akiwa anamalizia masomo ya uzamivu hapa Columbus, Ohio. Alipona, lakini pua na ulimi havikurudi. Kwake chai na maji ya bomba vilitofautiana kwa joto tu. Siri hiyo aliijua mkewe Germana peke yake, na ilibidi ibaki siri, kwa sababu Respicius alikuwa maarufu kwa kuonja chakula.

Kila Jumamosi walikwenda kwenye mgahawa mmoja uliofunguliwa karibuni, kati ya ile midogo ambayo mtu anaingia na kandambili na kuagiza kaunta. Germana alionja kwanza, simu ikiwa bado mfukoni, akamweleza mumewe kwa Kihaya: huu mchuzi umezidi tangawizi, nyama hii ni ya jana. Kisha Respicius aliwasha simu na kuyasema yaleyale kwa Kiswahili kitamu kuliko chakula chenyewe. Watu elfu arobaini walimfuata mtandaoni, wengi wao Watanzania na Wakongo wa Ohio na majimbo ya jirani.

Germana hakuudhika kwamba ulimi ulikuwa wake na sifa za mwingine. Kilichomchoma ni mzaha. Mbele ya kamera mumewe alimgeuza kichekesho. "Huyu msimuulize," alisema, akimwelekezea simu mkewe akiwa bado na tonge mdomoni. "Huyu hata boksi la piza atalilamba." Watazamaji wakambandika jina la Mama Boksi. Jumapili moja, kwenye ngazi za kanisa, msichana ambaye Germana alimfundisha komunyo ya kwanza alimwita hivyo, na watu wazima waliosimama pale wakacheka. Alipomlalamikia mumewe usiku huo, alijibiwa kwamba mzaha ndio unaoleta watu, na kwamba asijifanye malkia.

Ndipo Germana alipoamua kumdanganya. Angemfanya akisifu kibaya au akitukane kizuri, watu waende waonje wenyewe, wamgundue, wamcheke yeye.

Zamu hiyo iliangukia kwa Bulonza. Alikuwa mama wa Bukavu, Kongo, mjane, aliyefanya kazi ghalani miaka sita kabla ya kukodi kijumba kilichokuwa duka la simu huko Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, akaweka meza saba. Mgahawa ulikuwa na majuma mawili. Alipomtambua Respicius mlangoni alifuta meza ya dirishani kwa aproni yake mwenyewe, akawaletea sombe, kisamvu cha kwao, na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa kukaanga, pamoja na bugali, yaani ugali.

Germana akaonja. Sombe lilikuwa limepondwa likalainika, mawese yameiva, chumvi imekaa mahali pake. Tangu aondoke Bukoba hakuwa amekula kitu kizuri namna ile. Alimeza, akafuta midomo, akamwambia mumewe kwa Kihaya kwamba chumvi imezidi mno na samaki wameoza.

Respicius akawasha simu. Alikunja uso, akatema kwenye kitambaa cha karatasi, akawaambia watu elfu arobaini kwamba bahari ya chumvi sasa iko Reynoldsburg, na samaki waliokufa humo wanauzwa kwa sahani.

Bulonza alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka mezani. Hakubisha. Aliomba ruhusa, akachota sombe kutoka sahani ileile, akalionja, akaonja na samaki. Halafu akamgeukia Germana, kwa kuwa alikuwa amemwona akinong'ona.

"Bon, mama, na we unasemaje? Chumvi iko mingi kweli?"

Kamera nayo ikamgeukia. Germana alijua kwamba neno moja lingetosha.

"Mume wangu ndiye anayejua chakula," akasema.

Akasubiri watu wamcheke Respicius. Hawakumcheka. Video ilitazamwa kuliko zote alizowahi kupiga. Watu ambao hawajawahi kufika Reynoldsburg waliandika kwamba nao walikula pale na kweli kulikuwa na chumvi. Wengine walikwenda kwa makusudi, wakajipiga picha wakitema. Mmoja aliandika kwamba safari hii hata Mama Boksi amekataa.

Mwezi wa pili baada ya video hiyo Germana akashindwa kulala. Siku moja mchana alipanda basi peke yake mpaka Reynoldsburg. Meza zote saba zilikuwa tupu. Bulonza alimkaribisha bila neno baya, akamletea sombe, akabaki amesimama kando, mikono ndani ya aproni.

Sombe halikuwa na ladha. Lilikuwa kama majani yaliyochemshwa kwa ajili ya mgonjwa.

"Sasa chumvi iko bien?" Bulonza aliuliza. "Nilipunguza, nikapunguza tena. Donc, sijue tena mi mwenyewe. Kila nikionja, naona iko mingi."

Germana akaweka kijiko chini na kumwambia yote: kwamba mumewe hasikii ladha, kwamba maneno yale yalikuwa yake, kwamba chakula cha siku ile hakikuwa na kasoro hata moja. Alisema pia kwamba alitaka kumkomoa mume, si yeye.

Bulonza alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulijua ni kizuri," akasema, "na nilikuuliza." Akaiondoa sahani, akamfungulia mlango.

Jioni hiyo Germana alimweleza Respicius kila kitu, akitaka walau amwone akiaibika. Respicius alihesabu jambo kichwani. Kisha akatabasamu.

"Kwa hiyo nilisema uongo mtupu, na wote wakaniamini," alisema. "Basi mimi sina haja nawe tena."

Jumamosi iliyofuata alikwenda Buffalo, jimbo la New York, peke yake, kwenye mgahawa mpya wa Barabara ya Bailey. Germana alimtazama kwenye simu, amejilaza kwenye kochi la nyumba yao karibu na chuo. Mumewe alifumba macho, akatafuna polepole, akasifu iliki iliyomo kwenye pilau. Watu wakamsifu kwa maelfu.

Bulonza alifunga mgahawa kabla ya Pasaka. Alihamia Louisville, Kentucky, kwa dada yake, akapata kazi ya kutunza wazee. Wanaomfahamu wanasema nyumbani kwa dada anapika kama kawaida, ila haonji. Humpa mtoto wa dada kijiko, akamngoja aseme.