Kilo ya Sukari Bwawani

Usiku wa jana niliota nabishana na mama mbele ya lango la kiwanda cha nguo. Sikushangaa, maana tulikwenda kulala tukibishana hivyo hivyo. Kiwanda kilifungwa zamani. Eneo lote limegeuzwa bustani ya bwawa, matete na ndege, na kila mtu anaingia bila kulipa. Mama yangu, Bi Mwanaidi, alifuma vitambaa humo miaka yake yote ya nguvu. Siku wafanyakazi walipofungiwa nje, aliapa kutolipita tena lango lile. Mimi nilitamani sana apaone, walau mara moja, kabla miguu haijamkatalia.

"Kiingilio ni bure, mama," namwambia.

"Bure ya nani, Salha? Nimefanya kazi humu mpaka nikaota mvi, hawakunipa bure hata uzi."

Hapo lango likakohoa, kutu ikadondoka.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Siku ile nilikufungia usoni. Nisamehe, nilisukumwa."

"Marahaba. Ungekwama."

"Nimekwama sasa. Matete yameota kwenye bawaba. Simfungii mtu tena, hata nikitaka."

Mama akalikagua, akaridhika, akapita. Ndipo nikaona amebeba kilo ya sukari.

"Kama hatulipi, basi sisi ni wageni," akasema. "Nani anakwenda kwa watu mikono mitupu?"

Korongo mwenye kofia ya msimamizi wa zamu anaipokea kwa adabu. Anaimimina yote bwawani, anakoroga kwa mdomo, anaonja.

"Imekolea," anatangaza. Vyura wanapiga vigelegele.

Tunatandikiwa mkeka juu ya maji. Hauzami, na hakuna anayeuliza kwa nini. Bata wanatuletea wali kwenye majani ya yungiyungi. Jua linachomoza, linatua. Linachomoza tena, linatua. Linapochomoza mara ya tatu, korongo ananinyooshea jembe.

"Mgeni siku mbili," anasema.

"Hata wali haujapoa!"

"Dada, jua umeliona au hukuliona?"

Naona aibu, nageuka ili tuondoke. Kumbe mama anacheka! Anacheka mpaka anajishika kiuno, yeye ambaye ukikitaja kiwanda tu ananuna mpaka kesho yake.

"Mjinga wewe, mwanangu. Ukishapewa jembe umekuwa wa nyumbani."

Ananipokonya jembe, anaingia matopeni. Mara bwawa limo ndani ya ukumbi wa mashine, na paa limerudi. Pale mashine yake ilipokuwa, ndege wa manjano, wale waitwao mnana, wamejipanga wanafuma viota. Mama anatazama, anakunja uso.

"Wewe wa mwisho, unalegeza uzi."

"Samahani, bibi," ndege anasema. Anafumua, anaanza upya.

Mama anatembea kati yao kama zamani, anavuta hapa, anakaza pale, anaimba. Nilifurahi mpaka nikaelea kidogo.

Nikaamka. Mama alikuwa ameshachemsha chai. Nilipoionja, haikuwa na sukari. Nikafungua kopo nililolijaza mwenyewe jana jioni: tupu.

"Mama, sukari iko wapi?"

Alikuwa mlangoni anajifunga kanga kiunoni, jembe liko begani.

"Vaa viatu twende," akasema. "Yule ndege atakuwa ameshalegeza tena."